Obamacare kwa punje mia za maharage: namna ya kuendesha mdahalo wa kufuta sheria ya afya

Walimu wenzangu mnaolea klabu za midahalo, mwongozo huu ni wa mada moja tu: "Bunge la Marekani lifute sheria ya afya ya mwaka 2010," ile inayoitwa Obamacare. Mimi nafundisha Uraia shule ya kata hapa Rungwe, vidato vya tatu na vya nne. Zile mada tulizozizoea, elimu na fedha kipi bora, mjini na kijijini wapi kuzuri, watoto wanajua majibu yake tangu darasa la tano. Wanasimama, wanamwaga methali, wanakaa. Hii hawaijui, kwa hiyo inabidi wasome. Tena ina faida ambayo mwalimu wa serikali anaielewa bila kuambiwa: mnaweza kuigombania darasani mpaka sauti zikauke, na hakuna atakayeuliza wewe ni wa chama gani.

Utahitaji vipindi viwili vya maandalizi, Ijumaa moja ya mdahalo, karatasi moja ya manila, maka peni, na maharage ya rangi mbili. Kopi za kugawa usihangaike nazo.

Funga tarehe kabla ya kitu kingine chochote

Ukiiacha hoja wazi, upande mmoja utazungumzia mwaka 2010 na mwingine utazungumzia habari walizosikia jana kwenye simu ya kaka. Mimi naifunga Julai 2017. Huo ndio mwezi sheria ile ilipokuwa karibu kufutwa kuliko wakati wowote. Rais Donald Trump alikuwa ameapishwa Januari. Chama chake cha Republican kilikuwa na wengi kwenye Baraza la Wawakilishi na kwenye Seneti pia, yaani mabunge yote mawili ya huko, na kilikuwa kimeomba kura kwa ahadi ya kuifuta kwa miaka saba. Ukiwaeleza watoto hivyo, lazima atokee mmoja aseme, "Si wanafuta tu, mwalimu?" Mwache aseme, na wala usimjibu siku hiyo. Swali lake ndilo litakalokubebea kazi yote iliyobaki.

Kwenye manila andika tarehe chache. Sheria ilisainiwa na Rais Barack Obama tarehe 23 Machi 2010, baada ya kupita Seneti kwa kura 60 dhidi ya 39 na Baraza la Wawakilishi kwa 219 dhidi ya 212, bila Mrepublican hata mmoja kuiunga mkono. Januari 2011 Warepublican, wakiwa wameshalichukua Baraza, walipitisha mswada wa kuifuta kwa 245 dhidi ya 189. Ukaishia hapo, maana Seneti ilikuwa ya Wademocrat, chama cha Obama. Oktoba 2013 walijaribu kuinyima fedha, shughuli za serikali zikafungwa siku 16, sheria ikabaki. Januari 2016 mswada wa kufuta ulipita mabunge yote mawili ukafika mezani kwa Obama, naye akaukataa kwa kura ya turufu. Halafu acha nafasi kubwa chini kwa ajili ya 2017.

Waonyeshe jambo moja tu kwenye orodha hiyo: mwaka 2011 mswada ulikwama Seneti, mwaka 2016 ulikwama kwa Rais, na mwaka 2017 Baraza, Seneti na Rais wote walikuwa wa chama kimoja. Miaka yote ile kabla ya hapo Baraza lilipiga kura za kufuta sheria nzima au vipande vyake zaidi ya mara hamsini, na magazeti yakaandika kila mara. Kwa hiyo wafundishe watoto kwamba wakiona kichwa cha habari "Obamacare yafutwa" wanauliza: nani amepiga kura, ngapi kwa ngapi, na mswada unakwenda wapi ukitoka hapo? Nawafanya wayaandike maswali hayo matatu nyuma ya daftari, na nikiwakuta na habari yoyote ya kisiasa, ya huko au ya hapa, nayauliza.

Eleza sheria yenyewe kwa chama cha kufa na kuzikana

Hapa usikimbie. Mdahalo mwingi wa mada hii unakufa kwa sababu watoto wanabishana juu ya Obama na Trump bila kujua sheria inasema nini.

Kila kijiji huku kwetu kina chama cha kufa na kuzikana. Waulize: itakuwaje chama kikiruhusu mtu ajiunge asubuhi ya msiba, atoe mchango wa mwezi mmoja, halafu adai sanduku, mahindi, na nauli ya ndugu wanaotoka Kyela? Watacheka. Watakwambia chama kitakufa mwezi huohuo. Kwa kujibu hivyo wameshaishika sehemu ngumu ya sheria ya Marekani. Wewe unachofanya ni kuwapa majina.

Kabla ya sheria ile, katika majimbo mengi mtu aliyejikatia bima mwenyewe aliweza kukataliwa au kutozwa zaidi kwa sababu tayari ana kisukari, au aliwahi kuugua saratani. Sheria ilipiga marufuku jambo hilo. Lakini ukishazuia kampuni kumkataa mgonjwa, kila mtu anaweza kungoja augue ndipo akate bima, yaani ajiunge asubuhi ya msiba. Ndiyo maana sheria ikamlazimisha karibu kila mtu awe na bima au alipe faini, ambayo kufikia 2016 ilikuwa dola 695 kwa mtu mzima au asilimia 2.5 ya kipato, ile iliyo kubwa. Na huwezi kumlazimisha mtu anunue kitu asichokimudu. Kwa hiyo ikaja ruzuku kwa wenye kipato cha kati, na kwa maskini ukapanuliwa mpango wa serikali uitwao Medicaid, hadi kwa mwenye kipato cha asilimia 138 ya kiwango cha umaskini. Juu ya hayo, kijana akaruhusiwa kubaki kwenye bima ya wazazi hadi atimize miaka 26. Hilo la mwisho watoto wanalipenda sana, na litakula dakika tano zako usipoangalia.

Chora mishale mitatu ubaoni: kutokataliwa, kulazimishwa, kusaidiwa. Futa mmoja kwa mkono mbele yao, uwaulize miwili iliyobaki itafanyaje kazi. Ukifuta "kulazimishwa", wenye afya wanatoka na bei inapanda kwa waliobaki. Ukifuta "kusaidiwa", watu wanatozwa faini kwa umaskini wao. Mpe kila kundi mshale mmoja wa kutetea kwa dakika mbili.

Ongeza jambo la mahakama kwa kifupi: tarehe 28 Juni 2012 Mahakama ya Juu, kwa majaji 5 dhidi ya 4, ilisema faini ile inaweza kusimama kama kodi, lakini, kwa majaji 7 dhidi ya 2, ikasema majimbo hayawezi kulazimishwa kupanua Medicaid. Kila jimbo likajiamulia lenyewe, na kufikia Julai 2017 majimbo 31 yalikuwa yameshapanua, mengine yakiwa na magavana Warepublican, kama Ohio. Kumbuka West Virginia, nayo ilipanua. Itarudi kwenye maharage.

Usisahau pia kuwaambia kwamba Wamarekani walio wengi wanapata bima kupitia kazini au, wakizeeka, kupitia mpango wa serikali wa wazee. Vita hii iliwahusu zaidi wanaojikatia wenyewe na maskini. Mtoto asipojua hilo atasimama siku ya mdahalo atuambie Wamarekani wote walikuwa hawatibiwi mpaka alipokuja Obama.

Maharage

Nenda jikoni kwa mpishi, muombe maharage ya rangi mbili. Mimi hutumia punje 52 za Njano Uyole kwa ajili ya maseneta wa Republican na nyekundu 48 kwa ajili ya Wademocrat, pamoja na wale wawili wasio na chama waliokuwa wakikaa nao. Hesabu mbele ya darasa, kwa sauti. Mwanafunzi mmoja awe Makamu wa Rais Mike Pence; huyo anasimama pembeni ya meza na haruhusiwi kugusa kitu mpaka kura zilingane.

Kwanza waulize punje ngapi zinatakiwa. Watasema 51, na watakuwa wamekosea kwa mswada wa kawaida, maana katika Seneti ya Marekani upande mdogo unaweza kuuzuia mswada kwa kutokubali mjadala ufungwe, na kuufunga kunahitaji kura 60. Warepublican walikuwa na 52. Wakatumia njia ya pekee ya miswada ya bajeti, ambayo 50 pamoja na Makamu wa Rais zinatosha. Njia hiyo ina gharama yake: kinachopita humo lazima kihusu mapato na matumizi ya serikali, kwa hiyo huwezi kuifuta sheria yote neno kwa neno. Hata mswada ungepita, kanuni nyingi za kampuni za bima zingebaki palepale. Rudia hili mara mbili, kwa sababu upande wa kufuta utajikwaa hapa.

Sasa chezesha kura.

Mei 4, Baraza la Wawakilishi lilikuwa limeshapitisha mswada wake kwa 217 dhidi ya 213, Warepublican 20 wakikataa. Hiyo isimulie tu. Maharage yako hayatoshi.

Julai 25, Jumanne. Kura ya kuanza kujadili. Susan Collins wa Maine na Lisa Murkowski wa Alaska wanakataa. Sogeza njano mbili upande wa pili: 50 kwa 50. Pence anasogea mezani. 51 kwa 50, mjadala unaanza.

Usiku huohuo, mswada wa kufuta na kuweka mwingine badala yake. Njano tisa zinahama: 43 dhidi ya 57. Julai 26, mswada wa kufuta bila badala yoyote, utekelezaji ukisubiri miaka miwili. Njano saba zinahama: 45 dhidi ya 55.

Simama hapa, maana hapa ndipo penye somo lote. Njano saba za pili si zilezile tisa za kwanza. Rand Paul wa Kentucky aliukataa wa kwanza kwa sababu uliacha sheria nyingi mno, akaukubali wa pili. Shelley Moore Capito wa West Virginia, jimbo lililopanua Medicaid, aliukubali wa kwanza akaukataa wa pili. Weka punje moja ya Paul na moja ya Capito mkononi mwa wanafunzi wawili, uwaambie wahame kila kura. Watapishana katikati ya meza. Ukimvuta Capito kwa kuongeza fedha za Medicaid, Paul anaondoka. Ukimvuta Paul kwa kuzikata, Capito anaondoka. Wote wawili wanapinga Obamacare, na wote wawili wamechaguliwa kwa kuipinga. Waache wanafunzi wahangaike kutafuta mswada utakaowaweka upande mmoja. Mimi naketi, nanywa chai yangu.

Wakishindwa, ndipo viongozi wa Seneti walipofika pia: mswada mwembamba kabisa, wa kuondoa faini na mambo machache mengine, ili tu kitu kipite. Ofisi ya Bajeti ya Bunge ilikadiria kwamba mswada huo ungeongeza watu milioni 16 wasio na bima ifikapo 2026 na kupandisha bei ya bima kwa wanaojikatia wenyewe kwa takriban asilimia 20. Ilipigwa kura usiku wa kuamkia Ijumaa, Julai 28, kama saa saba na nusu usiku kwa saa za Washington. Huku kwetu ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi. Collins na Murkowski wakakataa tena. Akaja John McCain wa Arizona, mzee aliyekuwa ametangaziwa saratani ya ubongo siku chache kabla, aliyekuwa nyumbani akipona upasuaji, akarudi kupiga kura ya kufungua mjadala. Pence alikuwa amemwendea akizungumza naye. McCain akasogea mbele, akanyoosha mkono, akageuza dole gumba chini.

49 dhidi ya 51.

Mchague mwanafunzi mkimya awe McCain. Mwambie afanye kitendo hicho tu. Darasa litalipuka, na hapo uwe na kazi ya kulirudisha, kwa sababu watoto wanataka kuamini mzee mmoja mgonjwa ndiye aliyeiokoa sheria. Waonyeshe njano mbili zilizolala upande wa pili tangu Jumanne. Collins na Murkowski walikataa kura zote nne. Bila hao, dole gumba lisingekuwa na kazi.

Gawa pande, na uusaidie upande wa kufuta

Watoto wetu wote wanataka kuwa upande wa mgonjwa. Wengi nyumbani wana mtu anayehudhuria kliniki ya presha au sukari, na hoja ya "mtu asikataliwe bima kwa sababu anaumwa" haihitaji mwalimu. Kwa hiyo muda wako mwingi mpe mtoa hoja na wenzake, wale wa kufuta, la sivyo mdahalo utakuwa ibada ya upande mmoja.

Hoja zao za kweli ni hizi, na ni nzito kuliko wapinzani watakavyotaka kukubali. Serikali kumlazimisha raia anunue bidhaa ya kampuni binafsi, na kumtoza asiponunua, ni jambo ambalo mtu mwenye akili timamu anaweza kulikataa hata kama bidhaa ni nzuri. Ruzuku ilikatika kwa kaya yenye kipato cha zaidi ya mara nne ya kiwango cha umaskini. Mkulima au fundi aliyejiajiri akipita hapo kidogo alibeba bei nzima, na kwa mwaka 2017 bei ya mpango wa kipimo (ule unaotumika kukokotoa ruzuku) kwenye majimbo yanayotumia tovuti ya serikali kuu ilipanda kwa wastani wa asilimia 25 hivi. Katika wilaya nyingi za Marekani ilibaki kampuni moja tu ya kuchagua. Na Obama aliahidi kwamba mwenye bima anayoipenda ataendelea nayo. Mwaka 2013 mamilioni wakapokea barua za kusitishiwa. Mtoa hoja anayeanza na ahadi hiyo huwa anawashika waamuzi mapema.

Wapinga hoja wape takwimu tatu, wasibebe zaidi: takriban watu milioni 20 walipata bima tangu sheria ianze, mswada wa Baraza ulikadiriwa kuwaacha milioni 23 zaidi bila bima ifikapo 2026, mswada mwembamba, milioni 16. Wakumbushe kwamba hizo mbili za mwisho ni makadirio ya ofisi ya Bunge lenyewe, wala si ya chama chochote. Halafu waelekeze kwenye swali ambalo kwangu ndilo lililoamua mambo mwaka ule: badala yake nini? Kwa miaka saba Warepublican walikubaliana juu ya kufuta, hawakuwahi kukubaliana juu ya kinachofuata, na kutokubaliana huko kuliweza kufichika kwa sababu kulikuwa na Obama wa kukataa kila mswada. Alipoondoka, mswada ukawa na uzito. Huu ni mtazamo wangu. Mwanafunzi akiuvunja kwa hoja, nampa alama zake.

Mkutano wa hadhara, kipindi cha pili

Mwanzoni mwa 2017 wabunge wa Republican walirudi majimboni wakakuta kumbi zimejaa watu wenye hasira wakiuliza watafanywaje sheria ikifutwa. Igiza hilo. Watoto wa Rungwe wameshakaa kwenye mikutano ya kijiji, wanajua jinsi mtu anavyonyoosha mkono huku ameshaanza kusema. Mmoja awe mbunge, mwingine mwenyekiti, wengine wape kadi: mama wa mtoto mwenye pumu; kijana wa miaka 25 aliye kwenye bima ya baba; mwenye karakana ambaye bei imempanda na hapati ruzuku; mtu aliyelipa faini kwa sababu bima ilikuwa ghali kuliko faini; muuguzi wa hospitali ndogo ya kijijini inayotegemea Medicaid. Kadi ya mwenye karakana mpe mtoto hodari. Mbunge asiruhusiwe kusema "tutalifanyia kazi". Akisema, mwenyekiti anagonga meza na swali linarudiwa.

Siku hiyo mimi humwalika pia mwandikishaji wa kijiji wa CHF iliyoboreshwa, yaani mfuko wa afya ya jamii. Anaeleza kwa robo saa jinsi kaya ya watu hadi sita ilivyokuwa ikilipa shilingi 30,000 kwa mwaka, na kwa nini wengi walikuja kujiandikisha mtu akishalazwa. Huwa sina haja ya kuongeza neno. Watoto wanageuka kuutazama ule mshale wa "kulazimishwa" ubaoni.

Wakiuliza "na sisi je?"

Wataulizia. Wajibu kwa ufupi na kwa usahihi, kisha warudishe Washington. Tanzania Bara ina Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023. Mswada ulikuwa umefikishwa bungeni mwaka 2022 ukaahirishwa kwa marekebisho, na swali lililousumbua lilikuwa fedha za kuwalipia wasiojiweza zitatoka wapi. Nayo inataka kila mkazi awe kwenye bima. Sisi walimu tunakatwa asilimia 3 ya mshahara kwa NHIF na mwajiri anaongeza 3, kwa hiyo kulazimishwa tunakujua. Mkulima wa chai wa Masoko hajakuzoea. Lakini mchezo wa maharage haufai kwa Bunge letu. Sisi tuna bunge moja, na wabunge wa chama kimoja kwa kawaida hupiga kura pamoja. Njano kuhama usiku wa manane ni jambo la huko.

Na mwenye akili atauliza iliishaje

Mwambie haikuisha. Septemba 2017 walijaribu tena, wakakosa kura, mswada ukaachwa. Desemba mwaka huohuo, ndani ya sheria ya kodi, faini ikashushwa hadi sifuri kuanzia 2019. Mshale wa "kulazimishwa" umefutwa, na mfumo haukuanguka kama wengi walivyotabiri, kwa sehemu kubwa kwa sababu ruzuku ilipanda pamoja na bei. (Mwanafunzi wa upande wa kufuta akijua hili, atawasumbua sana wapinzani, lakini tarehe imefungwa, hawezi kulitumia.) Majimbo yaliyoongozwa na Texas yakaenda mahakamani kusema faini ikiwa sifuri basi sheria yote ianguke, Juni 2021 Mahakama ya Juu ikawaambia kwa majaji 7 dhidi ya 2 kwamba hawana haki ya kufungua kesi hiyo. Mwaka 2021 ruzuku iliongezwa, ikasogezwa hadi mwisho wa 2025. Ugomvi juu ya kuiongezea muda ulizifunga shughuli za serikali siku 43, kuanzia Oktoba 1 hadi Novemba 12, 2025, muda mrefu kuliko wakati wowote kabla ya hapo, na ruzuku hiyo ya nyongeza ikaisha mwaka ulipoisha. Hakuna aliyepiga kura siku hiyo kufuta sheria.

Siku yenyewe

Fanyeni kwa Kiswahili. Najua wakuu wa shule wanapenda Kiingereza, lakini nimewasikia watoto wakitetea Medicaid kwa Kiingereza cha kukariri, na nimewasikia haohao kwa Kiswahili wakimbana mwenzao mpaka akaomba maji. Ijumaa nyingine fanyeni Kiingereza kwa mada ya mjini na kijijini.

Kama ni Machi au Aprili, msitumie darasa la bati lisilo na dari. Mvua ya Tukuyu ikianza hata mwenyekiti hasikiki, na mtunza muda hajui asimamishe saa au la. Kanuni yetu ni kwamba mvua ikizidi sauti, saa inasimama, msemaji anabaki amesimama, na hakuna kunong'onezana na wenzake. Wapo waliojifunza kutumia dakika hizo kupanga sentensi inayofuata, na siwalaumu.

Wasemaji watatu kila upande: wa kwanza aeleze sheria na hoja, wa pili alete ushahidi, wa tatu asilete jambo jipya bali ajibu tu. Wachangiaji kutoka kwa wasikilizaji wawe mwisho, dakika moja moja, na mtunza muda apige rimu bila huruma. Salamu za "mheshimiwa mwenyekiti, waamuzi makini, mtunza muda, wapinzani wangu wasio na hoja" zisizidi sekunde kumi. Huko ndiko dakika zinakopotelea.

Waamuzi wawe watatu, mmoja asiwe mwalimu. Alama zetu ni 100: ushahidi wenye tarehe au idadi 40, kujibu hoja ya upande wa pili 40, lugha na uwasilishaji 20. Anayetaja tukio la baada ya Julai 2017 anakatwa 5. Anayesema "Wamarekani wote wanataka" anakatwa 5 pia. Upande wa kufuta ukimaliza bila kusema ungeweka nini badala yake, hauwezi kupata zaidi ya 20 katika zile 40 za kujibu, na waamuzi wawatangazie hivyo kabla ya kuanza, ili asije mtu akalalamika ofisini Jumatatu.